hexdump inanionyesha "cfd0 e011": TFC ya mtoto wa watu imekufa kweli?

Mwana_Kamalondo · Jumanne, 20:47

Habari za jioni, wakubwa kwa wadogo.

Nina kibanda cha fotokopi na kupiga mashini hapa Kamalondo, Lubumbashi. Leo mchana kaniingilia kijana mmoja wa mwaka wa mwisho, macho mekundu, flashi mkononi. TFC yake haifunguki, na siku ya kupeleka kazi ni Jumatatu ijayo. Kazunguka vibanda vitatu, kote jibu moja: "Faili limekufa, andika upya." Kurasa 68.

Kwenye flashi kuna hizi mbili, pamoja na rundo la filimu:

```
TFC_final.docx
TFC_final_VRAI.docx
```

Majina ya mafaili ya wanafunzi tuyaache kama yalivyo. Word ya kibandani inayakataa yote mawili. Nikayanakili, nikaja nayo nyumbani kwenye kilaptopu changu cha Linux. Hakina Office wala LibreOffice, diski yake ndogo, nakitumia kwa kazi za reso (mtandao) tu. Nilikumbuka kuna mtu humu aliwahi kusema: ukitaka kujua faili ni la aina gani usisome jina, soma baiti zake za mwanzo kwa hexdump (amri inayokuonyesha baiti za faili kama namba), na docx iliyo nzima huanza na 50 4b. Nikaanza na la kwanza:

```
$ hexdump TFC_final.docx | head -2
0000000 cfd0 e011 b1a1 e11a 0000 0000 0000 0000
0000010 0000 0000 0000 0000 003e 0003 fffe 0009
```

50 4b siioni. Ili nijihakikishie kwamba nasoma sawasawa, nikachukua docx yangu mwenyewe ambayo inafunguka bila shida:

```
$ hexdump barua.docx | head -1
0000000 4b50 0403 0014 0006 0008 0000 0021 0000
```

4b50, siyo 504b! Yaani hata faili zima linaonekana limegeuzwa kichwa chini. Sasa sijui kama ni flashi, ni kompyuta, au ni mimi.

---

muzee_wa_terminal · Jumanne, 21:10

Mwanangu, tulia. Faili lako ni zima, na wewe ni mzima. Anayegeuza ni hexdump.

Ukiiita hivyohivyo bila chaguo, haikuonyeshi baiti moja moja. Inakamata baiti mbili mbili, inazihesabu kuwa namba moja, halafu inaiandika hiyo namba. Na prosesa za Intel na AMD, hata hizi za simu zetu, zinaweka baiti ndogo ya namba mbele na kubwa nyuma. Kwa hiyo kwenye faili kuna 50 kisha 4b, yeye anakusomea 4b50. Ni kama mtu anayehesabu "tano na ishirini" pale wengine wanaposema "ishirini na tano".

Andika hivi, C iwe kubwa:

```
$ hexdump -C TFC_final.docx | head -2
```

Utapata baiti kwa mpangilio wake halisi, moja moja. Au tumia `xxd`, inayokuja pamoja na Vim. Hiyo nayo huzibananisha mbili mbili lakini haizigeuzi, na ndiyo ninayoipenda. Babu yao wote ni `od`, alikuwepo tangu Unix ya kwanza kabisa mwaka 1971. Yeye usipomwelekeza anakutolea namba za msingi wa nane, mambo ya mashine za enzi zile, usimwite kama huna shida naye.

Jinsi ya kusoma: safu ya kushoto ni anwani. Fikiria avenue yenye malupango (viwanja vya nyumba), kila mstari una milango 16, na namba ya kushoto inakuambia mlango wa kwanza wa mstari huo ni wa ngapi. Ndiyo maana mstari wa pili unaanza na 10 na siyo 16: kwa hesabu hii, 10 ndiyo kumi na sita. Katikati ni wakaaji wenyewe, kila baiti tarakimu mbili. Kulia, baina ya zile fito mbili, ni baiti zilezile zikisomwa kama herufi. Isiyo na herufi inapewa nukta.

---

mtoto_wa_Birere · Jumanne, 21:22

Niko Goma, nafuatilia. Samahani Muzee, hizo a, b, c, d, e, f katikati ya namba ni za nini? Mimi nilidhani ni makosa ya kuandika.

---

muzee_wa_terminal · Jumanne, 21:31

Si makosa. Sisi tunahesabu kwa alama kumi, 0 hadi 9. Hapa alama ni kumi na sita, na kwa kuwa tarakimu zinaisha kwenye 9, tunaazima herufi: a ni kumi, b kumi na moja, hadi f ambayo ni kumi na tano. Ukiona `4b` fanya 4 mara 16, jumlisha 11, unapata 75. Na 75 ndiyo namba ya herufi K. `50` ni 5 mara 16, yaani 80, herufi P. PK: Phil Katz, Mmarekani aliyetoa PKZIP, programu ya kubana mafaili, mwaka 1989. Jina lake limo kwenye kila faili la zip, na docx, xlsx, hata apk ya simu, zote ndani ni zip tu.

Kwa nini kumi na sita? Kwa sababu baiti ina thamani 256, na 16 mara 16 ni 256. Tarakimu mbili zinaienea baiti nzima, haipungui haizidi. Baada ya wiki mbili utakuwa unazitambua kwa macho: 20 ni nafasi, 41 ni A kubwa, 61 ni a ndogo, 30 hadi 39 ni tarakimu, 0a ni mwisho wa mstari.

---

Yaya_Bijou · Jumanne, 21:40

Jamani, mmeingia kwenye somo la hesabu, mgonjwa yuko palepale kitandani.

Mwana_Kamalondo, zisome zile baiti nane za kwanza kwa mpangilio wake: `d0 cf 11 e0 a1 b1 1a e1`. Hilo faili halijafa. Hiyo ndiyo alama ya mafaili ya Office ya zamani, .doc na .xls na .ppt, kabla Office 2007 haijaleta docx. Waliotunga walitania kidogo: soma `d0cf11e0` kama herufi, utaona "docfile".

Kwa hiyo huyo kijana ana .doc iliyovikwa jina la .docx. Muulize: alipiga kazi yake kwenye kompyuta yenye Office ya zamani, halafu akabadilisha jina kwa mkono? Idara siku hizi zinadai docx, na wengi wanaamini ukibadilisha herufi baada ya nukta basi na faili limebadilika. Mtu akivaa blauzi nyeupe hajawa daktari.

---

Chumvi_ya_Ruashi · Jumanne, 21:44

Yaya, hapa kwetu akiisha kuvaa blauzi anapiga na sindano 😂

---

Dar_Mdadisi · Jumanne, 21:58

Swali la mgeni kutoka Dar: TFC ni nini? Na sisi wa Windows tunafanyaje, maana naona ni Linux tu humu?

---

Yaya_Bijou · Jumanne, 22:05

Karibu, ndugu. TFC ni kazi ya kumalizia masomo, ile ambayo bila hiyo hupati diploma. Ndiyo maana kijana wa watu analia.

Windows: fungua PowerShell, andika `Format-Hex jina_la_faili | more`. Ukiwa na Git ya Windows, ile Git Bash yake inakuja na xxd ndani. Na mwenye simu tu asikate tamaa, kwenye Termux (terminali ya simu za Android) ipo od:

```
od -A x -t x1z -N 32 faili
```

Hiyo `-N 32` ni baiti 32 za kwanza tu. Msiisahau. Ukimwaga faili zima la filimu kwenye terminali utakaa unatazama namba zikikimbia mpaka betri iishe. Kwa xxd andikeni `-l 32`, ni kazi hiyohiyo.

Lakini Mwana_Kamalondo, usimwahidi kijana kitu kabla ya kuhakikisha jambo moja. Docx iliyofungwa kwa neno la siri nayo huanza na d0 cf 11 e0, maana Word huichukua zip nzima, huisimba, halafu huiweka ndani ya kasha lilelile la zamani. Ikiwa ni hiyo, kubadilisha jina hakutasaidia kitu. Tofauti iko kwenye majina yaliyoandikwa ndani ya kasha. Tafuta hivi:

```
strings -el TFC_final.docx | head -40
```

Ukiona `WordDocument` ni doc ya kawaida. Ukiona `EncryptedPackage` mrudie mwenyewe akumbuke neno la siri. Hiyo `-el` ni ya lazima, kwa sababu majina hayo yameandikwa baiti mbili kwa kila herufi. Ndiyo maana ukiyatazama kwa hexdump -C unaona `W.o.r.d.D.o.c` na nukta katikati kama mtu mwenye kigugumizi, na grep ya kawaida, ile amri ya kutafuta maneno, inayapita bila kuyaona.

---

Mwana_Kamalondo · Jumatano, 07:15

Jana umeme ulienda saa nne na nusu, nisameheni kwa kimya. Asubuhi hii:

```
$ strings -el TFC_final.docx | grep -E 'WordDoc|Encrypt|Table'
1Table
WordDocument
```

Nikabadilisha jina kuwa TFC_final.doc, nikaenda kibandani kabla ya wateja. IMEFUNGUKA. Ukurasa wa kwanza, jina la direktere (mwalimu anayesimamia kazi), shukrani kwa baba na mama, yote. Nimempigia kijana, amepiga kelele mpaka nikaweka simu mbali na sikio. Na kweli, anasema alibadilisha jina mwenyewe baada ya mwenzake kumwambia idara haipokei doc.

Tatizo: hilo ni la mwezi uliopita. Lina sura ya kwanza na ya pili. Sura ya tatu, yenye matokeo ya utafiti wake, imo kwenye lile la VRAI tu. Na lile linatoa hivi:

```
$ hexdump -C TFC_final_VRAI.docx
00000000  00 00 00 00 00 00 00 00  00 00 00 00 00 00 00 00  |................|
*
0008f3a0
```

Mistari mitatu, basi. Hiyo nyota ni nini? Faili linasema lina baiti 586656. Ziko wapi?

---

muzee_wa_terminal · Jumatano, 08:02

Pole. Nyota ni hexdump inakuambia: "mistari inayofuata ni sawa na huu wa juu, sitairudia." Namba ya mwisho, 8f3a0, ndiyo 586656 yako kwa hesabu ya kumi na sita. Yaani kutoka mlango wa kwanza hadi wa mwisho ni sifuri. Ukitaka kuona mistari yote ongeza `-v`, ila hakuna cha kuona. Ukitaka uhakika kwamba hakuna hata baiti moja iliyojificha:

```
tr -d '\0' < TFC_final_VRAI.docx | wc -c
```

Hiyo inafuta sifuri zote na kuhesabu kilichobaki. Ikijibu 0, nyumba ni tupu.

Nadhani alichomoa flashi kabla kompyuta haijamaliza kuandika, au umeme ulikatika palepale. Jina na ukubwa viliandikwa kwenye jedwali la flashi, mwili wenyewe haukufika. Nimeona hivyo mara nyingi Likasi.

---

mama_wa_parokia · Jumatano, 09:30

Samahani kuingilia, ila naona leo wataalamu mko hapa. Ninatunza orodha za wanafunzi wa shule moja. Programu inanitolea CSV, nikiifungua kwa Excel, Désiré anakuwa "DÃ©sirÃ©", Aimée ni "AimÃ©e". Watoto 400, na nusu yao wana é. Mwaka jana nilisahihisha kwa mkono siku mbili. Hii hexa inaweza kunisaidia?

---

Yaya_Bijou · Jumatano, 10:12

Ba mama, kwako inasaidia kuliko kwa mtu yeyote, na hutasahihisha kwa mkono tena. Tazama:

```
$ printf 'Désiré' | xxd
00000000: 44c3 a973 6972 c3a9                      D..sir..
```

Herufi sita, baiti nane. Hiyo é katika UTF-8, mpangilio wa kisasa wa kuandika herufi kwa baiti, inachukua baiti mbili, c3 na a9. Excel yako inadhani ni mpangilio wa zamani wa Windows, ambao humpa kila baiti herufi yake: c3 ni Ã, a9 ni ©. Ndipo Désiré anapotoka na alama ya hakimiliki kwenye jina. Orodha yako iko sawa, inasomwa na mtu wa lugha nyingine.

Tazama baiti tatu za mwanzo: `xxd -l 3 orodha.csv`. Nina hakika hazitakuwa `ef bb bf`. Hizo tatu ndizo zinazomwambia Excel "hii ni UTF-8". Ziongeze mwenyewe:

```
printf '\xef\xbb\xbf' | cat - orodha.csv > orodha_mpya.csv
```

Fungua hiyo mpya. Siku ukikuta badala yake é ni baiti moja tu, `e9`, hapo mambo ni kinyume, faili lenyewe ni la mpangilio wa zamani, na dawa yake ni `iconv -f WINDOWS-1252 -t UTF-8`. Ila usimwage dawa kabla ya kupima. Mtu akipitisha iconv juu ya orodha iliyokwisha kuwa UTF-8 anapata madude ya ghorofa mbili.

---

mama_wa_parokia · Jumatano, 11:05

Désiré amerudi kuwa Désiré. Aksanti sana, Yaya. Nililia kidogo, sitasema uongo.

---

Chumvi_ya_Ruashi · Jumatano, 12:20

Miye siko mutu wa kompyuta sana, lakini nauliza tu: ile flashi ya mwanafunzi, alinunua wapi? Juu kama ni ku barabara, njo vile. Banakuuzishaka 64 giga ya kuandika ku plastiki, ndani hamuna kintu.

---

Yaya_Bijou · Jumatano, 12:41

Chumvi, leo umesema neno. Nilikuwa nataka kuuliza hilohilo.

Muzee, kwa heshima zote, nadharia yako ni nzuri kama ni faili moja lililokufa. Lakini hapa kuna "rundo la filimu", na hakuna aliyezipima. Mwana_Kamalondo, flashi unayo? Usiandike kitu chochote juu yake. Pima filimu:

```
for f in *.mp4; do echo "$f: $(tr -d '\0' < "$f" | wc -c)"; done
```

---

Mwana_Kamalondo · Jumatano, 15:50

Kijana ameniletea flashi tena. Ilinunuliwa barabarani, ndiyo, 64 giga. Filimu ziko 31. Kumi na mbili zina namba kubwakubwa kama kawaida. Kumi na nane zimejibu 0. Moja imekatika: mwanzo wake una `66 74 79 70`, yaani ftyp, kuanzia mlango namba 4 (wa kwanza ukiwa 0) kama mp4 yoyote, halafu kuanzia mahali fulani ni sifuri hadi mwisho.

Nikamuuliza, hukuona kwamba filimu hazichezi? Anasema ametazama tano tu, nyingine anaziweka kwa ajili ya likizo.

---

muzee_wa_terminal · Jumatano, 16:08

Basi nimekosea, na ninakubali. Filimu kumi na nane hazichomolewi mapema zote.

---

Yaya_Bijou · Jumatano, 16:30

Hiyo moja iliyokatika ndiyo mpaka wenyewe. Hapo ndipo flashi ya kweli ilipoishia.

Hizi za bandia zina chipu ndogo, pengine giga 8, na kidhibiti ndani yake kimefundishwa kuiambia kompyuta "mimi ni 64". Kompyuta inaamini, inaandika. Vya mwanzo vinakaa. Baada ya mpaka vinatupwa, au kwenye flashi nyingine vinaandikwa juu ya vile vya kwanza, na hakuna anayekupigia kelele. Jedwali la majina na ukubwa liko mwanzoni, kwenye sehemu ya kweli, kwa hiyo ukifungua folda unaona kila kitu kipo. Kama lupango lililoandikwa kwenye daftari la komini: jina lipo, vipimo vipo, ukifika mahali penyewe unakuta majani.

Na sasa mpangilio unaonekana. Ile doc ya zamani aliiweka flashi ikiwa bado tupu, ikakaa salama. Halafu zikaja filimu, zikajaza. VRAI akaiweka mwisho kabisa, ng'ambo ya mpaka. Hakuna programu ya kuokoa mafaili itakayoitoa, kwa sababu haikuwahi kuandikwa popote. Akija mtu kibandani kwako kumwomba pesa ili "airudishe", mfukuze.

Ukitaka ushahidi: nakili vilivyo hai kwanza, halafu `sudo apt install f3` (programu ya kupima ukubwa halisi wa flashi), kisha f3write na f3read juu ya hiyo flashi. Nakili KWANZA, kwa sababu f3write inajaza nafasi yote iliyobaki, na kwenye flashi ya namna hii inaweza kuponda hata vilivyopona.

---

Chumvi_ya_Ruashi · Jumatano, 16:44

Sasa Yaya, na zile flashi zenye folda inakuwa na kamshale, unabonyeza "Picha za harusi" kompyuta inaanza kuugua? Hexa inaonaka ile?

---

Yaya_Bijou · Jumatano, 17:02

Inaona, tena bila hatari, maana xxd na hexdump zinasoma tu, hazifungui wala haziendeshi kitu. Folda ya kweli haina baiti za kuonyeshwa, amri itakujibu kwamba hiyo ni saraka. Ukipata `4c 00 00 00 01 14 02 00`, hiyo ni njia ya mkato ya Windows iliyojifanya folda. Folda zako halisi zimefichwa tu, hazijapotea. Na ukipata `4d 5a`, yaani MZ, kwenye kitu kinachojiita picha au pdf, hiyo ni programu. MZ ni Mark Zbikowski, aliyekuwa mhandisi wa Microsoft, kila exe ina herufi zake. Picha ya jpg huanza na `ff d8 ff`, pdf na `25 50 44 46`. MZ kwenye harusi hakualikwa, usimfungulie mlango.

---

Dar_Mdadisi · Jumatano, 19:15

Nimejaribu Format-Hex kwenye docx yangu iliyogoma wiki iliyopita. Mwanzo ni 50 4b 03 04 safi kabisa, lakini Word inasema imeharibika. Sasa?

---

muzee_wa_terminal · Jumatano, 19:40

Tazama mkia. Zip huweka orodha ya vilivyomo mwishoni, siyo mwanzoni. Kwa xxd ni `tail -c 64 faili | xxd`, nawe utafute `50 4b 05 06`. Isipokuwepo, faili limekatika njiani, mara nyingi ni upakuaji ulioishia katikati. Ukiweza, lipakue upya, ndiyo dawa nafuu. La sivyo jaribu `zip -FF faili.docx --out jipya.docx`, ambayo hukusanya vilivyobaki na kutunga orodha upya. Ukiipata `word/document.xml` ndani, maandishi yako umeyapata, hata kama picha zimekwenda.

Na wote mnaosoma: msipasue mgonjwa wa kweli. Kila kitu kwenye nakala. xxd ina `-r` inayorudisha hexa kuwa faili, na ukikosea tarakimu moja kwenye faili la asili hakuna wa kumlaumu.

---

Mwana_Kamalondo · Alhamisi, 18:20

Ripoti. f3read imemaliza saa tisa: giga saba na kidogo ni nzima, zilizobaki zote zimeandikwa LOST. Nimemwonyesha kijana mwenyewe kwenye skrini. Alikaa kimya kidogo, halafu akauliza kama filimu za likizo nazo ndiyo basi.

Habari njema ni kwamba wiki iliyopita alikuwa amechapa sura ya tatu kwa karatasi, akampa direktere aisahihishe, na leo ameichukua. Kurasa 23, wino mwekundu kila mahali. Tumegawana: yeye anasoma, mimi napiga. Tuko ukurasa wa 11. Nahifadhi kwenye diski ya kompyuta na kwenye barua pepe yake, na kila nikimaliza ukurasa natazama kwa `xxd -l 4` kama PK ipo. Anacheka, lakini naye sasa anainama kutazama.

Kuna neno moja pembeni la direktere hatulisomi. Ni "échéance" au "échantillon"? Mwandiko ni kama wa mganga.

---

mama_wa_parokia · Alhamisi, 18:33

Sura ya matokeo ya utafiti? Ni échantillon tu, mwanangu. Atakuwa anasema sampuli ni ndogo. Huwa wanasema hivyo wote.

---

Mwana_Kamalondo · Alhamisi, 18:36

Kweli! "Échantillon trop petit." Aksanti, ba mama. Tunaendelea.

---

Chumvi_ya_Ruashi · Alhamisi, 18:41

Na flashi iko wapi?

---

Mwana_Kamalondo · Alhamisi, 18:50

Iko hapa mezani. Nimefuta 64 kwa kisu, nimeandika 7 kwa kalamu.